Mnyasa, na alama ya kuuliza

Juzi binti yangu wa gredi ya tatu kaja na homuweki, achore mti wa familia, na kule chini kwenye mizizi mwalimu kaweka kiboksi cha "kabila". Kashika penseli, kanitolea macho. "Baba, kwetu ni wapi?" Kisauni, Mombasa. "Aaa, kabla ya Kisauni!" Nikajifanya nasikiliza taarifa ya habari.

Swali hilo mimi nililiulizwa na karani nilipoenda kuchukua kipande, nina miaka 18. Kabila? Mmisheni, ndivyo tuitwavyo sisi wa vizazi vya watumwa waliokombolewa. Karani akacheka, ati hiyo ni dini, na laini nyuma yangu imefika mlangoni, watu washaanza kuguna, na shangazi aliyenisindikiza jua limemchosha, akasema tu "muandike Mgiriama, yaishe." Yakaisha. Mpaka leo serikali yanijua kama Mgiriama, na Kigiriama changu ni cha kusalimia na kununulia mnazi.

Nilitoka pale na hasira zile za ujana, nikapanda matatu mpaka Kengeleni. Makanga wanalipiga hilo jina kutwa, Kengeleni Kengeleni, na sidhani kama abiria mmoja kwa kumi huuliza kengele gani. Ni ya Frere Town bwana, kijiji walichokianzisha wamishenari Waanglikana wa CMS 1875, wakawaweka watu waliotolewa majahazini na manuwari za Waingereza, kwa maana Sultani Barghash alishatia sahihi mkataba wa 1873 na soko la watumwa la Unguja likafungwa, lakini biashara yenyewe haikulala siku ile ile. Frere ndiye mzungu aliyetumwa kuja kumbana Sultani. Watu wengine waliletwa kutoka Nasik, India, Waafrika wenzetu waliokombolewa baharini wakiwa watoto wakalelewa huko, wakarudi wanajua kusoma, useremala na Kiingereza. Mwajua wenyewe jinsi wajukuu wao wanavyovimba mpaka leo. Sisi si wa Nasik. Sisi ni wa majahazini.

Haya yote nilipewa na mzee wa pale mtaani tukimwita Babu Mwalimu, kwa dakika mbili hivi, kama asomaye matangazo ya Jumapili. Kisha akaingia ndani. Akakawia mpaka nikadhani kalala.

Akarudi na daftari la shule, lile la jalada la kijani, limefungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Zamani akiwa kijana alikuwa amekaa na kitabu cha ubatizo, akanakili majina kwa mkono wake, kurasa na kurasa, wino wa buluu ushageuka rangi ya kahawia. Akalamba kidole akafunua, akalamba akafunua, kila ukurasa anasema "hawa wa kule karibu na mwembe", "hawa wamekwisha". Halafu kidole kikasimama. Jina la ukoo wetu, lile la Kizungu tulilopachikwa, na mbele yake: mvulana, miaka kama 8, Mnyasa?

Baba yake babu yangu. Mstari mmoja.

Mimi niliikodolea ile alama ya kuuliza. Mnyasa si kabila, hilo hata mimi nilikuwa nalijua, Nyasa ni ziwa, na huko ziwani na njiani mpaka Kilwa kuna Wayao, kuna Wamakua, kuna Wangindo, wote wakifika huku huandikwa neno moja. Mtoto ametembezwa mpaka pwani, katiwa chomboni, katolewa, sasa mzungu amuuliza kupitia kwa mkalimani wewe kwenu wapi, labda alisema tu kuna maji mengi.

Nikamuuliza Babu, hii alama ilikuwemo kitabuni au umeitia wewe?

Akavua miwani, akaifuta na shati, akaivaa, akaisogeza daftari kwenye mwanga wa dirisha. Nje kuna mtu auza samaki, twamsikia anapita mpaka sauti ikapotea. "Mkono ni wangu," akasema. Kimya. "Lakini mimi nilikuwa naandika nilichokiona." Kimya tena. "Au siku ile nilikuwa najiuliza mwenyewe. Sijui mwanangu. Ni miaka mingi." Na kitabu chenyewe? Akasema kwa mara ya mwisho alikiona mchwa washakitangulia.

Babu alifariki, daftari likaenda na watoto wake Nairobi, nilipoliulizia wakasema labda limo kwenye masanduku. Mimi nikaoa, nikahama, nikasahau kwa mpango.

Sasa juzi nikazima redio nikamsimulia binti yangu. Akasikiliza vizuri tu. Akaandika Mnyasa kwa herufi kubwa, halafu akaniuliza, "Na ile alama ya kuuliza, niweke?"

Weka, nikamwambia. Akaweka. Mama yake akapita akasema mwalimu atadhani hujamaliza, akaifuta kwa raba. Mimi nikasema iweke. Akaweka, akaitazama, akaifuta mwenyewe. Leo asubuhi nimelichungulia lile karatasi begini, pale mbele ya Mnyasa raba imeshatoboa tundu.