Chanjo ya malaria na mama wa Kilifi

Mimi ni mpimaji wa maabara katika zahanati ndogo hapa Maweni, Malindi. Napaka tone la damu kwenye kioo, natia rangi ya Giemsa, nasubiri, kisha naweka jicho kwenye darubini kutafuta vimelea vya malaria. Mgonjwa akiwa mtoto, mamake huwa ananisoma usoni kabla sijasema neno.

Kwa hivyo habari za RTS,S, chanjo ya malaria, zinanigusa sana. Ilianza kutengenezwa miaka ya 1980 na kampuni ya dawa ya GSK pamoja na Walter Reed, taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani. Majaribio makubwa yalipoanza Afrika mwaka 2009, Kilifi, kaunti yetu, ilikuwa miongoni mwa vituo 11, kupitia KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza 2021.

Kampuni ilikuwa na mitambo na pesa. KEMRI, taasisi ya umma, ilikuwa na watafiti ambao kina mama wa vijijini wanawaamini, na kwangu mimi huo ndio mtaji mkubwa zaidi.

GSK iliahidi kuiuza kwa gharama ya kuitengeneza na nyongeza isiyozidi asilimia 5. Vizuri! Lakini nataka mikataba ya namna hii iseme pia, kabla mtoto yeyote hajachomwa sindano, chanjo ikifaulu itawafikia lini watoto wa pale ilipojaribiwa. Kenya ilipoanza kuitoa kwa mpango wa majaribio 2019 ilianzia magharibi, ambako malaria imezidi, na sababu hiyo naielewa. Ila mama wa Kilifi aliyekubali mwanawe ashiriki ana haki ya kuuliza, na taasisi na kampuni, wote wawili, wamjibu.