Damu haitengenezwi kwenye moyo, inatengenezwa kwenye mifupa

Mtu akiambiwa damu yake imepungua anawaza kula vizuri ili iongezeke, na chakula kweli kinahusika, ila hajiulizi hiyo damu inatengenezwa wapi. Nimeuliza watu kibao, wengi wananijibu moyo. Moyo unasukuma tu jamani! Chembe za damu zinazaliwa ndani ya mifupa, kwenye uboho.

Uboho uko wa aina mbili, mwekundu unaotengeneza damu na wa njano uliojaa mafuta. Mtoto mchanga karibu mifupa yake yote ina ule mwekundu, alafu kadiri anavyokua wa njano unachukua nafasi kuanzia miguuni na mikononi, mpaka ukubwani mwekundu unabaki zaidi kwenye nyonga, mbavu, kidari, fuvu na pingili za uti wa mgongo. Ndo maana daktari akitaka kupima uboho mara nyingi anachoma sindano nyuma ya nyonga. Na mwili ukikosa damu kwa muda mrefu ule wa njano unaweza kugeuka mwekundu ukarudi kazini.

Humo ndani kuna seli shina, ni chache sana, lakini kila chembe ya damu uliyonayo imetokana nazo, nyekundu za kubeba oksijeni, nyeupe za kupigana na magonjwa, na chembe sahani zinazogandisha damu ukijikata. Chembe nyekundu peke yake zinatoka kama milioni 2 kila sekunde, yaani umesoma sentensi hii moja na mamilioni yameshatoka. Kinachonivutia zaidi ni inavyokomaa hiyo chembe nyekundu: inajijaza hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, alafu inakitema kiini chake nje, na seli nyeupe iliyo pembeni inakimeza kile kiini. Haina kiini tena kwa hiyo haiwezi kugawanyika wala kujitengeneza upya ikichakaa, inazunguka mwilini kama siku 120 basi imekwisha, wengu na ini vinaivunja na madini yake ya chuma yanarudishwa kwenye uboho kutengenezea nyingine.

Sasa nani anauambia uboho uongeze kasi? Figo! Zikihisi oksijeni ni kidogo zinatoa homoni inaitwa erithropoietini, inaenda kwenye uboho kuhimiza chembe nyekundu zitengenezwe. Mgonjwa wa figo anaweza kula kila kitu anachoambiwa na damu bado ikawa chini, kwa sababu agizo halifiki, huyo anahitaji kuchomwa hiyo homoni. Mwingine homoni anayo ila hana madini ya chuma, au vitamini B12, au asidi ya foliki. Mwingine uboho wenyewe ndo unaumwa. Wote wameandikiwa upungufu wa damu, matibabu ni tofauti kabisa, kwa hiyo muulize daktari imepungua kwa nini kabla hujaanza kunywa chochote.

Uboho ukisimama, labda kwa dawa za saratani, chembe nyeupe nyingi zinaishi muda mfupi mno na chembe sahani siku 7 mpaka 10 tu, kwa hiyo maambukizi na kutokwa damu vinaweza kutangulia wakati nyekundu bado zipo za kutosha. Ukiharibika kabisa mtu anaweza kupandikizwa uboho wa mwingine. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja kila mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kufanana naye kikamilifu kwa aina ya tishu, siyo grupu la damu, na kupandikiza kwenyewe hakuna kupasua mfupa, seli zinaingizwa kwa dripu kwenye mshipa, zinazunguka na damu na zenyewe zinatafuta njia mpaka ndani ya mifupa, baada ya wiki kadhaa zinaanza kutoa damu mpya. Na kama aliyetoa ni grupu O na aliyepokea alikuwa A, uboho ukishika vizuri, baada ya miezi huyo aliyepokea anakuwa O.