Alama Kumi na Moja

Wiki ya tatu ya kujifunza kusoma EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, nilikabidhiwa rekodi ya mtoto wa miaka sita aliyeanguka na kupoteza fahamu. Vipimo nilikuwa nimevikariri: spaiki, ncha ya ghafla inayoweza kuashiria kifafa, huchukua milisekunde 20 hadi 70; wimbi kali, ambalo nalo laweza kuashiria hivyo, huanzia 70 hadi 200. Mwanzo wote ulikuwa shwari. Kisha zikaja ncha ndefu, kali, zikifuatana mbili mbili katikati ya utosi, kwenye elektrodi ya Cz, kimojawapo cha vinasa umeme vinavyobandikwa kichwani. Mistari miwili ya jirani ilitazamana hapo, mmoja ukishuka na mwingine ukipanda, kama nilivyoona vitabuni. Moyo ulinienda mbio. Nikaweka alama kumi na moja, na kwenye rasimu ya ripoti nikaandika kwamba mtoto ana kifafa.

Mwalimu wangu alipoketi hakuzitazama ncha zangu. Alirudisha kurasa nyuma.

“Mdundo wa kisogoni umekwenda wapi, mwanangu?”

Nikatazama. Mawimbi ya alfa, yale ya mtu aliyefumba macho bila kulala, yalikuwa yamefifia kabla ya ncha ya kwanza, na mboni zilikuwa zikizunguka polepole. Mtoto alikuwa anasinzia.

“Basi hayo ni mawimbi ya utosi.”

Huja usingizi unapoingia, hata kwa aliye mzima kabisa, na kwa watoto huwa makali kiasi cha kumtisha anayeyaona mara ya kwanza. Ile mistari kutazamana ilinionyesha tu wimbi lilitokea wapi, ugonjwa haikuutaja.

Tulizipitia zote. Alama ya tisa haikutoka hata kwenye ubongo: elektrodi moja ilikuwa imelegea, ikaruka peke yake bila jirani yeyote kuhisi kitu.

Kisha akanisukumia fomu ya maombi ya kipimo, ambayo sikuwa nimeisoma. Mtoto alikuwa amesimama muda mrefu juani, akapauka, akaanguka, akazinduka mara moja akijua aliko. Hayo yalikuwa maelezo ya kuzirai, si ya kifafa. Hapo mikono ikanilegea. Kwa neno langu moja angemeza dawa kila siku kwa miaka, na mama yake angelala akisikiliza pumzi zake. Hata spaiki ya kweli, mwalimu alisema, haimtangazi mtu kuwa na kifafa kama maelezo ya aliyeona anguko hayalingani nayo.

Nilifuta alama moja moja, nikaandika upya: rekodi ya kawaida, akiwa macho na akiwa usingizini. Mwalimu akaisoma mara mbili, akasaini.