Sindano za Tumboni

Juzi natoka kuoga, mwanangu akaona tumbo. Akagusa madoa meusi yanayozunguka kitovu, moja baada ya jingine. "Mama, hapa uliungua?" Nikamwambia ni sindano. "Za nini?" Za kukulinda wewe, nikasema. Kumbe zilikuwa za kunilinda mimi kwanza, ila kuna majibu ya mtoto wa miaka sita na mengine ya baadaye.

Mguu wa kushoto ulivimba mimba ingali changa. Damu imeganda pajani, wakasema. Vidonge vya warfarini, vya kuzuia damu kuganda, vinaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo nikaandikiwa sindano za enoksaparini, dawa ya kazi hiyo hiyo ya jamii ya heparini: miligramu 60 asubuhi na 60 jioni mpaka nijifungue, na wiki kadhaa mbele. Wifi yangu, mfamasia, ndiye aliyenifundisha: finya ngozi, choma, toa, usisugue.

Baada ya muda ukaja muwasho. Damu kuvilia chini ya ngozi nilishaizoea, lakini haya yalikuwa mabaka, magumu, yana moto, na ukiyakuna yanatoa vijimaji. Mama mkwe akasema mkanda wa jeshi. Jirani akasema dagaa. Nikapakwa liwa, nikapakwa mafuta ya habasoda, usiku nikalala na kitambaa cha maji baridi tumboni. Daktari wa kwanza alinitazama kutoka ng'ambo ya meza yake, akasema haoni wekundu wowote.

Yule wa ngozi nilimpata baadaye, mama wa makamo, miwani kaining'iniza shingoni. Hakuivaa. Alipasha viganja moto kwa kuvisugua, akaniwekea mkono tumboni, akawa anaupeleka polepole huku macho yake yako dirishani. Kila alipofika penye baka vidole vilisimama, vikabonyeza kidogo, vikaendelea. "Ngozi zetu hizi," akasema, "wekundu wake unautafuta kwa mkono." Kisha akachukua kalamu ya wino, akanizungushia duara kila palipovimba. "Asubuhi hii umechoma wapi?" Nikamwonyesha. Palikuwa safi, kitone tu. "Na juzi?" Juzi palikuwa ndani ya duara. Na siku iliyotangulia juzi, duara jingine. Akafunika kalamu, akacheka kidogo peke yake. Mzio wa dawa, akasema, tena ule wa kuchelewa: mwili unakaa siku moja mbili ndipo unakasirika.

Alinipima damu kuhesabu chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kwa sababu dawa za jamii ya heparini mara chache huziangusha, na hapo damu huganda badala ya kuacha kuganda, hata ngozi penye sindano ikafa. Zangu zilikuwa salama. Akanionya nisithubutu kuacha sindano kabla ya mbadala kupatikana. Muwasho hauui, akasema, bonge la damu likipanda mapafuni linaua.

Tatizo likahamia nyumbani. Wifi, katika kueleza mambo ya mzio, alitaja kwamba heparini hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Mama mkwe akaweka kikombe chini. Ustadh akaulizwa, akajibu bila kusita kuwa dharura huhalalisha yaliyokatazwa na kwamba nichome. Mama mkwe akakubali kwa mdomo. Nilijua kutoka kwa wifi kwamba mwaka 1916 huko Baltimore heparini ilianza kugunduliwa kwenye ini la mbwa. Hilo hatukumwambia. Nguruwe alitosha.

Tukajaribu sindano nyingine ya jamii ile ile. Ikawasha vilevile. Mwisho binamu akaniletea fondaparinuksi, sindano nyingine ya kuzuia damu kuganda, kutoka Nairobi, ghali sana, ambayo hutengenezwa maabara na haina mnyama ndani yake. Mabaka yakanywea. Nikajifungua salama, nikahamia warfarini, ambayo mama anayenyonyesha anaruhusiwa.

Nilimuuliza yule daktari kama kweli nguruwe ndiye aliyenikataa. Hapana, akasema, inadhaniwa ni ukubwa wa molekuli. Ndogo hazishtui sana mwili. Nikalibeba jibu hilo mpaka nyumbani. Mama mkwe akalisikiliza lote, akaitikia kwa adabu, kisha akasema, "Lakini iliyokutuliza ni ipi, mwanangu? Si ile isiyo na nguruwe?"

Mpaka leo majirani anawasimulia hivyo, nami nikiwepo. Naendelea kumenya vitunguu.