Kipa wa kike wa Malindi aanze na miguu

Lango ni lile lile, mita 7.32 kwa 2.44, awe amesimama mwanamume wa futi sita au msichana wa mita 1.62. Kwa hivyo binti anayetaka kula kwa kudaka mipira asihangaike na kimo ambacho hana. Mabao mengi ya wasichana huku kwetu huingia kabla kipa hajaruka, maana alikuwa amesimama pabaya.

Tafuteni kamba ya wavuvi, mita 50 hivi. Funga ncha moja chini ya mlingoti wa kulia na nyingine chini ya ule wa kushoto, kisha vuta katikati hadi penye mpira na upige kigingi. Kipa asimame ndani ya pembe hiyo, mikono kanyoosha. Akiwa kwenye mstari ataona mianya mikubwa pande zote mbili. Akisogea hatua tatu mbele, kamba zinamkaribia. Akizidi hapo, mpira wa kubetua unampita kichwani, na hapo ndipo ufupi unapomsaliti. Hamisha kigingi mara tano sita, hasa pembeni mwa boksi. Zoezi hili halina gharama, na kwangu linashinda kurukaruka juu ya koni.

La pili ni muda. Mguu wa straika unapogusa mpira, miguu yote miwili ya kipa iwe chini, upana wa mabega, uzito mbele ya nyayo. Wengi hujirusha juu kidogo wakati huo huo, mpira unapigwa wao wako hewani, na hewani huna pa kujisukumia.

Kuanguka kufundishwe kwenye mchanga mbichi maji yakishakupwa, si kwenye kiwanja kikavu. Wiki ya kwanza akiwa amepiga magoti, ya pili amechuchumaa, ndipo asimame. Mwili utue kwa ubavu: upande wa goti, nyonga, mbavu, bega. Anayetanguliza kiwiko ataumiza bega au mpira utamponyoka. Aruke mbele kidogo kuelekea mpira, asirudi nyuma kuelekea lango. Mkono mmoja uwe nyuma ya mpira, mwingine juu yake, ardhi imalizie.

Magoti ya wasichana yaangaliwe zaidi, kwa sababu kano ya katikati ya goti (ACL) huwakatika mara nyingi kuliko wavulana. Akitua kutoka kwenye krosi, goti lisiingie ndani. Lielekee vidole vya mguu.

Upepo nao una hesabu yake. Kusi likikolea, krosi inayopigwa kinyume chake husita na kudondoka karibu, kwa hivyo kipa achelewe nusu hatua kabla ya kutoka. Ile inayofuata upepo haimsubiri mtu.

Mavazi yasimzuie mtu. Hijabu imeruhusiwa tangu 2014, mradi iwe nyeusi au rangi kuu ya jezi, isishonewe kwenye jezi wala kufungwa kwa pini. Kipa anaruhusiwa pia suruali ndefu, na kwenye viwanja vyetu vya changarawe hiyo ni ngozi ya pili.

Kwenye penalti, mpira unapopigwa, angalau sehemu ya mguu mmoja iwe juu ya mstari, usawa wake au nyuma yake. Mtazameni Chiamaka Nnadozie wa Nigeria, aliyedaka Kombe la Dunia la 2019 akiwa na miaka 18, na mwaka 2023 akapangua penalti ya Christine Sinclair wa Kanada, mchezo ukaisha 0-0. Kutoka klabu ya Rivers Angels ya kwao alienda Paris FC ya Ufaransa, kisha Brighton ya Uingereza. Na sasa kuna sheria ya sekunde 8: ukizidisha kuushika mpira, wapinzani wanapewa kona. Refa huhesabu tano za mwisho mkono ukiwa juu, kwa hivyo mtupie jicho.

Glavu zilowanishwe kidogo kabla ya mchezo, kwani zikiwa kavu hazishiki. Baadaye zioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, mchanga utoke wote, zianikwe kivulini. Jua la Malindi la siku mbili tatu linatosha kuikausha raba ya kiganja cha glavu hadi ipasuke.