Mtoto wa Nairobi aliyeuliza seli zinashikanaje

Juzi namenya muhogo kisu kikateleza kikanipitia kidole gumba, damu ikatoka kweli, nikabana na kitambaa nikakaa kwenye kigoda nasubiri, baada ya dakika kama tano hivi ikakata. Wengine hapo unarudi kwenye muhogo wako. Ila mimi kazi yangu ni maabara, nalea seli kwenye flaski siku nzima, kwa hiyo nikabaki nakikodolea macho kile kidole namuwaza Richard Hynes, mwanasayansi aliyechunguza seli zinashikanaje.

Huyu mzee kazaliwa Nairobi mwaka 1944, wangapi tunalijua hilo? Baba yake alikuwa mwanabiolojia, wakati wa vita akaletwa huku Afrika Mashariki kupambana na nzige, baadaye wakarudi kwao Uingereza na mtoto akakulia Liverpool. Akasoma Cambridge, shahada ya uzamivu (PhD) akaichukua chuo cha MIT kule Marekani, halafu akaenda London kwenye maabara ya utafiti wa saratani, na huko ndiko akaanza kuuliza swali ambalo mimi nalipenda mno: seli nzima, yaani yenye afya, na seli iliyogeuka saratani, ukiziangalia kwa nje, zinapishana nini?

Akatumia iodini yenye mionzi, akaibandika kwenye protini zilizojitokeza nje ya seli tu, za ndani hazikuguswa. Halafu akalinganisha. Kwenye seli nzima kukaonekana protini moja kubwa sana, kwenye zile zilizogeuka haipo. Hiyo ni 1973. Leo tunaiita fibronektini, na mtafiti Erkki Ruoslahti wa Finland naye aliifikia kwa njia yake.

Sasa fibronektini inakaa nje, je seli inaishikaje? Jibu lilichukua miaka, na mwaka 1986 maabara ya Hynes ikaipa jina ile protini inayoshika: integrini. Imepenya utando wa seli, mkono mmoja uko nje umeshika fibronektini, mwingine uko ndani umeungana na zile nyuzi zinazoipa seli umbo lake. Ruoslahti na wenzake walikuta kwamba sehemu inayoshikwa pale kwenye fibronektini ni asidi amino tatu tu, yaani vile vipande vidogo vinavyojenga protini, tatu jamani, kwenye protini kubwa vile! Timothy Springer wa Harvard yeye alikuja kwa mlango wa seli za kinga, kumbe wote wanachunguza familia ileile ya protini. Mwaka 2022 wakapewa tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba kule Marekani, wote watatu.

Lakini kinachonigusa mimi ni kwamba integrini siyo gundi tu. Nikitaka kuhamisha seli naziwekea tripsini, kimeng'enya cha kukata protini, inakata zile protini za kushikia, nikichungulia kwenye maikroskopu naona zinajikunja moja moja mpaka zinakuwa duara kama punje za uwele, zinaelea. Nikizimwaga kwenye flaski mpya zinatua chini, saa moja mbili hivi nyingine zimeshaanza kutanuka na kutoa vimiguu. Zile za kawaida ukizinyima pa kushika zinajiua zenyewe, hata kama chakula kimejaa, kwa sababu kule kushika ndiko kunakopeleka habari ndani kwamba uko mahali pako, ishi, gawanyika. Seli ya saratani imejifunza kuishi bila hiyo habari, ndiyo maana inaweza kung'oka ikasafiri na damu ikafika mapafuni.

Na habari inakwenda pande zote mbili. Zile chembe za damu zinazoziba jeraha zinatembea kutwa nzima na integrini zilizokunjwa, zisigande hovyo. Mshipa ukikatika, amri inatoka ndani ya chembe, integrini inanyooka, inadaka protini iliyoko kwenye damu, zinashikamana. Ndicho kilichotokea kwenye gumba langu. Kuna watu wanazaliwa na kasoro ya integrini hiyo, damu ya pua tu inawapeleka hospitali.

Kuna na watoto ambao kasoro yao iko kwenye integrini za seli nyeupe. Seli zimejaa kwenye damu lakini haziwezi kushika ukuta wa mshipa zitoke ziende penye kidonda, kwa hiyo mtoto anapata maambukizi makali kila mara na kidonda hakitoi usaha, maana usaha wenyewe kwa sehemu kubwa ndizo hizo seli. Tena kitovu kinachelewa kudondoka, kwa sababu seli hizohizo zinasaidia kukikata. Ni ugonjwa adimu sana, kitovu kikichelewa peke yake mara nyingi siyo huu. Ila ukiona mtoto mchanga kitovu kimepita mwezi bado kipo, na anaugua ugua, mpeleke akaonwe na daktari, na hilo la kitovu umtajie.