Mlango Umeganda Minneapolis, Fundi Yuko Bondeni

Kazi yangu ni vitasa vya milango ya magari, hapa Bondeni, Nakuru, na adui ninayemjua ni vumbi. Barafu ni ya wenzetu. Hata wakulima wa Molo na Mau Narok, ambao asubuhi nyingine hukuta viazi vimeungua kwa jalidi, hawajawahi kuniletea pikapu iliyoganda mlango. Lakini nina mpwa Minneapolis, Marekani, ambako usiku wa Januari unaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri na kupita, basi nimekuwa fundi wa barafu kwa njia ya simu.

Alipiga saa tisa alasiri. Kwao ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri, bado giza, na zamu inamngoja.

"Anko, ufunguo unaingia nusu tu. Rimoti nayo imekufa."

Ya rimoti haikunishangaza, betri ikipigwa na baridi kali hulegea. Nikamuuliza jana gari lilifanywa nini. Lilioshwa. Huko barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hula bodi, kwa hiyo mwenye kulipenda gari lake huliosha hata wakati wa baridi. Sina neno na hilo. Ila yeye aliliosha jioni, akafunga milango ikiwa imelowa, akaenda kulala.

Ndani ya tundu la ufunguo kuna vibati vyembamba vya shaba, kila kimoja na springi ndogo kama ya kalamu. Ufunguo wenyewe ukiingia, vibati vyote hujipanga sawa na silinda ikazunguka. Nafasi ya kibati kupanda na kushuka ni finyu mno; tone la maji likiganda humo, kibati kimoja kikikwama, hufungui kitu. Kwetu vumbi hufanya kazi hiyohiyo, tena likisaidiwa na mwenye gari anayemimina oili ya injini akidhani analainisha. Oili na vumbi la Nakuru ni tope. Gari likija hivyo hutoa kitasa chote, nikakiosha kwa petroli, nikakikausha, kisha natia unga mkavu wa risasi ya penseli, si grisi. Wateja hucheka, halafu hulipa.

Mpwa wangu alikuwa ameshashika birika la maji ya moto. Nikamwambia alirudishe jikoni. Kioo kilichopoa kiasi hicho kikimwagiwa maji ya moto kinaweza kupasuka, na hayo maji yenyewe yatateremka mlangoni yagande upya. Kupuliza tundu kwa mdomo vilevile hakufai, pumzi ina unyevu. Kuna wanaopasha ufunguo kwa kiberiti cha gesi. Inafanya kazi, lakini kwenye kichwa cha plastiki cha funguo nyingi za siku hizi kuna chipu, na ukiiunguza utaingia ndani ya gari ukae humo bila kuwasha injini. Kama ni lazima, pasha ncha tu.

Mfukoni mwa koti alikuwa na sanitaiza. Hiyo ni spiriti kwa sehemu kubwa, na spiriti haigandi kwa baridi ya namna ile. Inachanganyika na barafu na kuiyeyusha. Apake ufunguo, auingize taratibu hadi unapokomea, asubiri, autoe, apake tena. Na asiulazimishe hata kidogo. Ufunguo uliovunjikia ndani ya kitasa ni kazi ya mchana mzima kwangu mimi niliye na meza na taa, sembuse mtu aliyesimama kwenye theluji na glavu.

Ukazunguka. Mlango nao ukagoma.

Hapo wengi huvunja kishikio. Kitasa kimeachia, lakini raba zinazouzunguka mlango zimegandana na bodi, na mtu anavuta kwa hasira plastiki iliyokakamaa kwa baridi. Usivute, sukuma. Egemea mlango kwa bega, juu, chini, pembeni, hadi barafu iliyoshika raba ipasuke, ndipo uvute polepole. Nilisikia mlio wake kwenye simu, kisha mlango ukifunguka, kisha kijana akicheka.

Kabla hajakata nilimpa masharti. Ukishaosha gari, fungua milango yote ukaushe raba kwa kitambaa. Kabla baridi haijaanza, zipake silikoni. Vaseline hapana, mafuta yanayotokana na mafuta ghafi huidhoofisha raba taratibu. Na tundu la ufunguo lipate spiriti halisi, si sanitaiza kila siku, kwa sababu ile ute wake hubaki ndani na mwisho utanata.

(Wajapani wa Hokkaido, kule kaskazini kwenye theluji, wameyazoea haya. Magari ya mtumba yaliyotoka huko mengine huja na nyaya za kupasha kioo pale wiper zinapolala, na mteja ananiuliza hicho kitufe ni cha nini. Namwambia akiache tu.)

Jioni yake alinitumia picha ya chupa ya spiriti aliyonunua akitoka kazini. Nikamsifu, kisha nikamuuliza anaiweka wapi.

"Ndani ya gari, Anko."